UZI: Oman kwa pakeji ya bei nafuu (Muscat, Nizwa, Jabal Akhdar, Sur). Waliokwenda na wanaotaka kwenda

MwanaKuze (mwenye uzi)

Assalaam alaykum jamaa. Tangu niweke picha za Nizwa kwenye grupu la mtaa, simu haipumui, na swali ni moja tu: shilingi ngapi? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeona nini. Basi naandika hapa mara moja, bei mtaipata, lakini someni kwanza.

Tulikwenda kikundi, wengi wetu wa Mji wa Kale na Majengo hapa Mombasa, na wachache wa ng'ambo Likoni. Safari ilipangwa na mtembezaji wa huko huko Oman, ana leseni yake na basi dogo lake, tena Kiswahili chake ni cha Unguja kwa sababu kalelewa na bibi aliyezaliwa huko. Hoteli ni za kawaida: kitanda kisafi, maji moto, chai ya asubuhi. Ukitaka bwawa la kuogelea na taulo zilizokunjwa bata, uzi huu si wako.

Njia yetu ilikuwa Muscat, kisha kuingia bara Nizwa, Bahla na Jabrin, kupanda Jabal Akhdar, kushukia mchanga wa Sharqiya, kutokea Sur baharini na kurudi Muscat kwa barabara ya pwani. Ni duara, kwa hivyo hurudii barabara ile ile, na hiyo peke yake inaokoa mafuta na saa za kukaa kwenye gari.

Sasa kwa nini mtu wa Mombasa aende huko asiende zake kupanda ghorofa Dubai kama wenziwe. Sisi tumekua chini ya kuta za Ngomeni (Fort Jesus). Shuleni tuliambiwa Mreno alianza kujenga 1593, Mwarabu akaichukua 1698, andikeni kwenye daftari, kengele imelia. Huyo Mwarabu ni nani, mwana wa nani, hatukuambiwa. Nenda Nizwa utamkuta babake. Imam (yaani mtawala wa Oman) Sultan bin Seif, wa ukoo wa Yaariba, ndiye aliyemtoa Mreno Muscat mwaka 1650, na ndiye aliyejenga ule mnara mkubwa wa Nizwa, kazi ya miaka 12. Mwanawe, Seif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliizingira Ngome yetu kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Na kabla ya hapo Seif alikuwa akigombania uimamu na nduguye wa damu, Bilaarab, ambaye alizingirwa kwenye kasri lake la Jabrin akafia humo 1692. Kaburi lake limo humo humo kasrini. Nimesimama pale nikawaza, kumbe hii Ngome yetu ni ukurasa mmoja wa ugomvi wa nyumba ya watu.

Mnara wa Nizwa nataka niuseme vizuri. Ni wa mviringo, mnene kupita kiasi, na ndani wameujaza mawe na udongo mpaka nusu yake ili mizinga iliyokaa juu isiutikise ikipiga. Njia ya kupandia ni ngazi moja nyembamba inayokata kona kila baada ya hatua chache. Kila kona ina mlango wa mbao mzito, mbele ya mlango kuna shimo lililokuwa likifunikwa kwa mbao za kuondolewa vita vikija, na juu ya mlango kuna upenyo. Mtembezaji alimsimamisha mwenzetu mmoja, jitu la miraba minne, mbele ya mlango, akamwambia tazama juu. "Umevaa chuma, umepanda unahema, mlango umefungwa, na huko juu asali ya tende inachemka." Yule bwana alijisogeza ukutani haraka, sote tukacheka, lakini hakuna aliyerudi kusimama pale.

Na ile asali haikuwa ikitoka mbali. Kwenye ngome hizi kuna ghala la tende lenye sakafu iliyochongwa vijia: makanda ya tende yanapangwa mpaka juu, uzito unakamua asali, asali inafuata vijia mpaka kwenye mtungi. Wakati wa amani ni chakula.

Bahla ni ngome ya udongo kubwa ajabu, imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1987, na mji wake una wafinyanzi. Jangwani tulilala usiku mmoja, ngamia ni wa picha tu. Muscat mtaiona wenyewe: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa 2001, zulia lake moja lina upana wa mita 60 na urefu wa mita 70, lilifumwa na wanawake 600 wa Iran. Soko la Mutrah ni kama kwetu Marikiti, ila kuna kiyoyozi madukani.

Jambo la mwisho kabla ya maswali: hakikisheni programu inalala Nizwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Mnada wa mbuzi ni Ijumaa asubuhi, na ikifika saa nne watu wamekwisha kwenda zao. Wenye mbuzi wanazunguka nao kwenye duara, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara wanawapapasa mbavu na kukagua meno, bei inatajwa kwa kelele huku mnyama anatembea. Pakeji inayokufikisha Nizwa Jumanne imekuuzia majengo tu.

ViaziKaraiTu

Maashallah, historia tumeipata. Bei yakhe, bei!

MwanaKuze

Haya. Jumla siiweki, maana tiketi ya ndege inabadilika kila wiki na mtu atakuja kunishika shati mwakani. Naweka namna ya kuhesabu, hiyo ndiyo itakayowafaa.

Rial moja ya Oman ni dola 2.6, wameifunga hapo tangu 1986. Gari, dereva, mafuta na mtembezaji ni gharama ile ile mkiwa wanne au mkiwa kumi. Tuseme kwa mfano vyote ni rial 70 kwa siku. Mkiwa wanne, kila mmoja anatoa rial 17 na nusu. Mkiwa kumi, rial 7. Unafuu wote uko hapo kwenye kujaza gari. Wanaodhani bei inashuka kwa kulala pabaya wanajitesa bure.

Vyumba tulilala wawili wawili. Chakula cha mchana ni sinia la wali na kuku au nyama kwenye mikahawa ya njiani, na sinia ni kubwa. Jioni mishikaki ya barabarani. Msikiti bure, Mutrah bure, mabonde bure, isipokuwa mashua ya kuvukia Wadi Shab. Tiketi za ngome nyingi ni pesa kidogo, Nizwa ndiyo inayouma.

Kinachokula pesa kimya kimya ni fobaifo, yale magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Chini ya Jabal Akhdar, pale Birkat al-Mawz, polisi wana kizuizi na gari lisilo fobaifo halipandi mlima. Basi dogo linabaki chini, mnakodi magari mengine. Jangwani vile vile. Pakeji ikiandika "Jabal Akhdar" bila kutaja fobaifo, uliza nani analipa, na jibu liwe la maandishi.

Ndege: kutoka uwanja wa Moi hapa hapa Mombasa kupitia Addis Ababa au Dubai. Linganisheni pia na kupitia Nairobi, lakini wekeni ndani nauli ya treni na usiku wa kulala.

BintiKibokoni

Ahsante kaka MwanaKuze kwa kutueleza. Mie nataka kumpeleka mama. Ana miaka ya kutosha na magoti yanamsumbua, lakini tangu utotoni anasikia habari za Maskati na anataka aione kabla hajachoka zaidi. Je, ataweza au atakaa kwenye gari tu akitusubiri? Nisingependa nimlipie mamangu pesa za kukaa kwenye kiti.

Sharqiya_Mpwani

Bi BintiKibokoni, shikamoo kwa mama. Mimi ni mzaliwa wa pwani yetu hiyo, naishi huku Sharqiya miaka mingi, wacha nikujibu.

Mnara wa Nizwa asipande, zile ngazi zinawashinda hata vijana. Lakini ua wa ngome na soko lililo pembeni ni tambarare, kuna haluwa, tende na kahawa, akae hapo na mtu mmoja wa kikundi. Jabrin ngazi ni nyembamba, ataona ua na vyumba vya chini. Bahla ni kupanda na kushuka, amwachie mtoto wake. Falaj Daris ataipenda: ni mfereji wa maji wa kale karibu na Nizwa, ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingia UNESCO 2006, na maji unayagusa ukiwa umekaa. Watu wanagawana maji hayo kwa zamu ya saa kwa ajili ya mashamba ya mitende, hesabu iliyorithiwa tangu zamani, na mpaka leo zamu inaweza kuuzwa au kukodishwa.

Wadi Shab msimpeleke kabisa. Baada ya mashua kuna kutembea juu ya mawe kama dakika 45, kisha kuogelea. Mwambieni mtembezaji abadilishe aweke Wadi Bani Khalid, ambako mabwawa ya maji hayako mbali na gari linapoegeshwa na njia imetengenezwa. Kubadilisha huku hakuongezi pesa kwa sababu liko upande huo huo wa jangwani, kabla ya Sur. Watu wanaogopa kuuliza wakidhani programu ni msahafu.

Jabal Akhdar mtu anaona mengi bila kushuka kwenye gari. Ni mita 2,000 hivi kwenda juu, vijiji vimening'inia kwenye matuta, komamanga na waridi. Mwishoni mwa Machi na Aprili waridi linachanua, wenyewe wanalichuma alfajiri na kulitonesha kwenye matanuri ya udongo kupata marashi. Harufu yake ina moshi kidogo, si kama ya chupa za dukani. Disemba huko juu usiku ni baridi, mama aje na sweta.

Na kama ni Jumatano mnapita Ibra, kuna soko la wanawake: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Wanaume wenu wakanywe kahawa kwengine. Kutoka hapo al-Mudhairib si mbali. Ni mji mdogo wenye majumba makubwa ya wenyeji waliochuma Afrika Mashariki. Mkipita sablani, yaani barazani kwao, mkatoa salamu, msishangae mzee mwenye kilemba akiwajibu kwa Kiswahili na kuwauliza habari za Kilindini.

BintiKibokoni

Allah akuzidishie. Nimemsomea mama, kauliza tu marashi yanauzwa kwa chupa kubwa au ndogo.

Sharqiya_Mpwani

Zote. Ila kubwa asiweke kwenye begi la mkononi, uwanja wa ndege watamnyang'anya.

KijanaWaTudor

Samahani wazee, mie naona mtembezaji wa nini? Barabara za Oman ni nzuri kupita zetu, ramani iko kwenye simu, mnakodi gari mnajiendea. Ngome ina maandishi, unasoma.

MwanaKuze

Mkiwa vijana wawili watatu, nakubaliana nawe, itakuwa rahisi zaidi. Lakini jua mambo matatu. Kule wanaendesha mkono wa kulia, sisi tumezoea kushoto. Kamera za mwendo ziko kila mahali na faini zake hazina mazungumzo. Na mabonde: mvua ikinyesha mlimani huko mbali, wewe uko juani chini, maji yanashuka ghafla yanabeba gari. Mwenyeji anatazama mawingu ya upande mwengine, wewe unatazama simu.

Halafu yale maandishi ya ngomeni hayakwambii kwamba aliyejenga hapa ndiye babake yule aliyeteka kwenu.

KijanaWaTudor

Hapo kwa kamera umenishika. Faini za huko nalipa na shilingi gani!

Mtu_wa_Kengeleni

Nimesoma uzi wote tangu juu, ni Imam huyu na Imam yule. Sawa. Mimi ni mtu wa Kisauni. Frere Town, pale walipowekwa watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, ndiko nilikokulia, na kengele mpaka leo mnaipita mkielekea Nyali mnaita kituo tu. Je, huyo mtembezaji wenu aliwataja watumwa hata mara moja? Hayo majumba ya Mudhairib ndugu Sharqiya anayoyasifu yalijengwa kwa pesa za Afrika Mashariki. Pesa za nini? Karafuu zilichumwa na nani? Pembe zilibebwa mabegani mwa nani? Msinifahamu vibaya, siwazuii kwenda. Lakini mtu akirudi na hadithi ya asali ya tende peke yake, nami nina haki ya kuuliza.

MwanaKuze

Swali lako ni la haki. Jibu: hakutaja mpaka alipoulizwa. Tulikuwa Sur, kwenye jahazi la Fath al-Khair, lililoundwa hapo 1951 na ambalo watu wa Sur walichanga pesa wakalirudisha kutoka Yemen. Alikuwa akieleza vile majahazi kama hayo yalivyokuja kwetu na kaskazi yamebeba tende, papa na mazulia, na kurudi na kusi yamejaa boriti za mikoko kutoka Lamu. Mwenzetu mmoja, mwalimu, akamuuliza: boriti tu? Akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, na watu pia walibebwa. Sentensi moja. Halafu akaendelea na misumari na kamba. Mie naona haikutosha, na mwalimu alimwambia hivyo kwa adabu jioni kwenye chakula.

Sharqiya_Mpwani

Mtu_wa_Kengeleni, sina ugomvi na hata neno moja lako. Niongeze tu jambo ambalo wageni hawalioni. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini huku Oman kwenyewe utumwa ulipigwa marufuku 1970, alipoingia Sultan Qaboos. Ni juzi. Kuna wazee waliozaliwa ndani ya hali hiyo na bado wanakaa mtaa mmoja na wajukuu wa waliowamiliki. Ndiyo maana mtembezaji anaogopa kusema sokoni mbele ya watu. Anayeumbuka si tajiri peke yake, hata yule ambaye bibiye aliletwa kwa nguvu hataki kunyooshewa kidole na basi la watalii. Mkitaka kuuliza, ulizeni mkiwa garini safari ndefu. Wengi watajibu.

Mtu_wa_Kengeleni

Hiyo nimeielewa, ahsante. Lakini nikija nimelipa pesa yangu, nataka historia yote, na garini nitauliza kwa sauti.

Mjukuu_wa_Makadara

Na Wamazrui je? Wametawala Mombasa karibu miaka mia mpaka Seyyid Said, Sultan wa Oman, alipowang'oa 1837. Asili yao si Rustaq? Mbona njia yenu haikupita huko?

MwanaKuze

Hapo umegusa kidonda. Rustaq hatukufika. Iko upande wa pili wa mlima, na pakeji za bei nafuu nyingi zinaiacha kwa sababu inavunja lile duara. Nami nina kinyongo, kwa sababu Seif bin Sultan, huyo huyo wa 1698, alizikwa kwenye ngome ya Rustaq. Yaani tumekwenda kwa baba, tumekwenda kwa ndugu aliyezingirwa, na yule mwenyewe aliyeleta jeshi kwetu tumempita. Kwa kikundi cha Mombasa ni heri kuacha jangwa kuliko kuacha Rustaq. Mchanga hata Mambrui upo.

Sharqiya_Mpwani

Kutoka Muscat Rustaq ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na kuna chemchemi ya maji moto mjini. Mkifika mapema au mkibaki siku moja mwishoni, inawezekana. Hakuna wa kuwakataza, ninyi ndio wenye gari siku hiyo.

MamaNdogo_Likoni

Wacha nami nitoe langu ili mtu asije akalia. Kabla ya safari hii ya kina MwanaKuze, mimi na wenzangu wa mchezo wa kuchangiana pesa tulikuwa tumeshatoa kianzio kwa wakala mmoja hapa mjini, simtaji. Tangazo lilikuwa na bei nzuri, limeandikwa "kuanzia". Tulipolipa ndipo maneno yakaanza kutoka moja moja. Bei ile ni bila ndege. Viza mbali. Bima mbali. Aliye peke yake chumbani anaongeza. Halafu tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, ati watu hawajatimia. Tulipodai pesa tukaambiwa kianzio hakirudi. Karatasi tuliyokuwa nayo ilikuwa risiti ya mkono haina hata muhuri.

Kwa hivyo wanangu, kabla ya kutuma pesa uliza kwa maandishi: ndege imo? viza imo? vyumba wangapi wangapi? watu wasipotimia, safari inafutwa au bei inapanda? na pesa inarudi lini? Akikujibu kwa sauti za WhatsApp tu na kukuita "mpenzi mteja", ondoka.

Viza ya Oman inaombwa mtandaoni, tovuti ni ya polisi wa huko wenyewe. Mtu anaweza kuiomba akiwa amekaa nyumbani kwake, hana haja ya kulipia "huduma maalumu". Lakini masharti hubadilika, yasome wakati wa kuomba, usitegemee mwenzio aliyekwenda mwaka juzi.

ViaziKaraiTu

Mama, pesa zilirudi?

MamaNdogo_Likoni

Nusu. Na nusu hiyo ni kwa sababu tulikwenda kina mama wote kwa pamoja tukakaa pale ofisini kwake na vikapu vyetu mpaka adhuhuri.

Mla_Tende_Bure

Mwezi gani mzuri? Nimeona tangazo la Julai, bei iko chini sana, na picha ni za milima ya kijani kibichi imejaa ukungu.

Sharqiya_Mpwani

Hiyo picha ni ya Salalah, kusini kabisa, kilomita elfu moja na zaidi kutoka Muscat. Kuanzia Juni mpaka Septemba huko kunanyesha manyunyu, milima inakuwa kijani, wenyeji wa nchi zote za jirani wanakimbilia huko, hoteli zinapanda. Muscat na Nizwa wakati huo huo joto linapita digrii 40, mtu anatoka alfajiri na magharibi tu. Wenye matangazo wanachanganya picha hizo makusudi. Soma miji iliyoandikwa, picha usizitazame. Salalah ni nzuri kwa nafsi yake, ina miti ya ubani na magofu ya bandari za kale yaliyoingia UNESCO mwaka 2000, lakini hiyo ni safari nyingine na ndege nyingine.

Kwa njia ya Nizwa na Sur, njooni kati ya Novemba na mwanzo wa Machi. Ramadhani miaka hii inaangukia humo ndani, na bei huwa laini. Lakini mchana mikahawa imefungwa, na ngome hupunguza saa zake. Usiku ndio uhai. Wengine wanapenda hivyo.

MwanaKuze

Kwa watu wenye watoto, Novemba inaingiliana vizuri na shule zikifungwa hapa. Disemba katikati Wazungu wanaanza kujaa na vyumba vya Nizwa ni vichache.

Vitu vidogo vidogo: plagi za umeme ni kama zetu, msinunue adapta. Saa iko mbele yetu kwa saa moja. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Wasio Waislamu msikiti mkuu wanaruhusiwa asubuhi tu, kuanzia saa mbili mpaka saa tano, na Ijumaa hapana, kwa hivyo kama kikundi kina mchanganyiko siku ya Muscat ipangwe kwa hilo. Wanawake mtandio, wanaume suruali ndefu, mnajua.

Mwenye_Tuktuk_07

Mie nasema mtu aanze kwao. Gedi imeingia UNESCO 2024, iko saa mbili kutoka hapa, na nusu ya waliochangia uzi huu hawajaikanyaga. Lamu imo tangu 2001. Ngomeni 2011. Mnalipa dola kwenda kuangalia ngome za watu.

MwanaKuze

Kweli kabisa, na nauli ya Gedi haihitaji mchezo. Tufungulie uzi wake, wewe ndiye mwenye tuktuk, nitakuja wa kwanza. Ila vitu hivi havigombani. Mimi tangu nirudi nimekwenda Ngomeni nikaitazama ile Nyumba ya Waomani kwa macho mengine, kwa sababu sasa najua milango na dari kama zile zinatoka wapi.

Mtu_wa_Kengeleni

Na kengele yetu pia iwekwe kwenye ziara hiyo ya nyumbani, isiwe Gedi na Ngomeni peke yake.

Mwenye_Tuktuk_07

Itawekwa. Nauli ya Kengeleni nakufanyia bure, wewe ndiye utakayesimulia.

MwanaKuze

Haya, turudi kwenye Oman tufunge hesabu. Watu kumi na moja wameniandikia pembeni, kwa hivyo gari litajaa. MamaNdogo amekubali kushika daftari la mchezo, na kwa yaliyompata hakuna mtu atakayemlaghai tena. Nimeshamwandikia mtembezaji, mambo manne: Nizwa iwe Ijumaa, Rustaq iingie hata kama jangwa litatoka, Wadi Bani Khalid badala ya Shab kwa ajili ya mama zetu, na safari za garini azungumze yote, mpaka yale ya watumwa. Amejibu tatu za mwanzo hazina shida. Ya nne amesema atamleta na mjomba wake, mzee aliyewahi kusafiri na majahazi, yeye hasiti.

Tarehe ni Novemba baada ya shule kufungwa. Mwenye pasipoti iliyobakisha chini ya miezi sita aanze na hiyo, sasa hivi, foleni mnaijua wenyewe.

ViaziKaraiTu

Nimo. Na mbuzi wa Nizwa nikimpata kwa bei nzuri narudi naye vipi?

Sharqiya_Mpwani

Unarudi naye tumboni. Niambieni mapema mko wangapi, nichimbe shimo la shuwa, nyama ya kuokwa ardhini.